Sura ya Saba: Siku Kifua Kinapochachamaa

Watu wawili wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa wanaweza kupimwa siku moja, wakapuliza kwenye kipimo kimoja na kupata majibu yanayolingana. Mwaka ukizunguka, mmoja bado anakwenda sokoni kwa miguu, japo anapumzika njiani. Mwenzake kuvuka ua tu kwenda chooni kunamfanya atwete. Umri wao unakaribiana na dawa zao ni zile zile. Mara nyingi kilichowatenganisha ni yaliyotokea katikati ya mwaka: huyu wa pili kifua kilimchachamalia mara tatu, akalazwa mara moja, na kila alipopata nafuu pumzi yake ilibaki pungufu kuliko ile aliyokuwa nayo kabla ya kuugua.

Sura zilizotangulia zimeueleza ugonjwa wenyewe, ambao madaktari huuandika kwa herufi nne, COPD. Sura hii inahusu siku zake mbaya. Nina hoja moja, nami nitaitetea hadi mwisho: shambulio la ugonjwa huu huamuliwa mapema. Huamuliwa na maandalizi yaliyofanywa mgonjwa akiwa na nafuu, na huamuliwa na siku moja au mbili za mwanzo tangu dalili zianze kubadilika. Anayengoja mpaka usiku wa manane, ashindwe hata kutamka jina lake ndipo litafutwe gari, amechelewa hata kama hospitali iko mtaa wa pili.

Ugonjwa wa jikoni kwetu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu wapatao milioni 3.5, na kati ya wanaokufa nao kabla ya kutimiza miaka 70, karibu 9 katika kila 10 wanatoka nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika nchi tajiri sigara ndiyo mkosaji mkuu. Kwetu sigara ina wenzake.

Wilayani Masindi, magharibi mwa Uganda, watafiti wakiongozwa na Frederik van Gemert waliwapima watu wazima vijijini kwa kipimo cha kupuliza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa asilimia 16.2 ya watu wa miaka 30 na kuendelea walikuwa na ugonjwa huu. Wanawake hawakuachwa nyuma na wanaume, ingawa wanawake wavutaji ni wachache, na wengi walioathirika walikuwa bado vijana wa miaka ya thelathini. Karibu wote waliopimwa waliishi na moshi wa kuni. Utafiti uliofanyika Tanzania vijijini na kuchapishwa mwaka 2018 ulipata asilimia 17.5. Ongeza kundi jingine kubwa: waliougua kifua kikuu, wakatibiwa wakapona, lakini mapafu yakabaki na makovu.

Wengi wao hawajawahi kuambiwa jina la ugonjwa wao. Mama anayekohoa kila asubuhi hupimwa kifua kikuu, majibu yakasema hana, akapewa antibiotiki. Baada ya miezi michache anarudi, anapimwa tena, anapewa antibiotiki nyingine. Wengine huambiwa ni pumu, au ni uzee tu. Kwa hiyo shambulio kali huwa ndilo linalomfikisha mtu kwenye ugunduzi. Kama umeshawahi kutibiwa “kifua” mara mbili au tatu ndani ya mwaka mmoja, na una zaidi ya miaka 35, na umepikia kuni au mkaa miaka mingi au umevuta sigara, omba upimwe kwa spirometa, yaani kile kipimo cha kupuliza, ukishapata nafuu.

Kinachotokea ndani

Mapafu ya mgonjwa huyu siku zote yana vijia vya hewa vilivyopungua upana. Hewa inaingia, lakini inatoka taratibu. Siku ya shambulio, kuta za vijia huvimba zaidi, misuli inayovizunguka hukaza, na makohozi huongezeka na kuwa mazito. Sasa hewa iliyovutwa haijamaliza kutoka, tayari mgonjwa anavuta nyingine. Inayobaki ndani inarundikana. Kifua kinajaa, kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kinasukumwa chini na kulala bapa, na misuli ya shingo na mabega inaanza kufanya kazi isiyo yake. Ni kama kumimina maji kwenye ndoo iliyokwisha kujaa: juhudi ni kubwa, kinachoingia ni kidogo.

Ndiyo maana mgonjwa analalamika kwamba “hewa haiingii”, ilhali tatizo lake kubwa ni kwamba haitoki. Na ndiyo maana hofu inamuumiza mara mbili. Anayeogopa huhema haraka, anayehema haraka hapati muda wa kutoa hewa, na hewa isiyotoka humwongezea hofu. Anayeketi naye karibu kwa utulivu na kumwambia, “Toa pumzi polepole, mzee wangu, usiwe na haraka,” anamtibu.

Kinachoanzisha haya mara nyingi ni maambukizi. Virusi vya mafua ya kawaida, ambavyo kwa kijana ni siku tatu za kamasi, kwa mgonjwa huyu vinaweza kuwa wiki tatu za mateso. Bakteria nao wamo. Moshi nao umo: masika yanapoanza, mafiga ya nje huhamia ndani, madirisha hufungwa, na kuni mbichi hutoa moshi mzito kuliko kawaida. Wakati mwingine hakuna sababu inayoonekana kabisa, na familia isijilaumu kwa hilo.

Dalili tatu za kuhesabu

Mwaka 1987 Nicholas Anthonisen na wenzake wa Winnipeg, Kanada, walichapisha utafiti kuhusu antibiotiki katika mashambulio haya. Ili kupanga wagonjwa walitumia dalili tatu, na hadi leo ndizo zinazotumika: pumzi kukatika kuliko kawaida, makohozi kuongezeka wingi, na makohozi kubadilika rangi kuwa ya njano iliyokolea au ya kijani, mazito kama usaha. Waliokuwa na zote tatu ndio walionufaika zaidi na antibiotiki. Waliokuwa na moja tu hawakupata faida ya maana.

Neno la kuzingatia ni “kuliko kawaida”. Mgonjwa huyu hukohoa kila siku na kuhema kila siku. Swali la msingi ni kama leo imezidi jana na juzi, na hilo hawezi kulijibu asiyeijua hali yake ya kawaida. Kwa hiyo ijue. Siku za nafuu unatembea umbali gani kabla ya kusimama? Unalalia mito mingapi? Makohozi ya asubuhi ni kiasi gani na yana rangi gani? Kama una kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, namba yako ya siku njema ni ipi? Mabadiliko yakidumu kwa siku mbili, au yakija kwa nguvu ndani ya siku moja, lichukulie kuwa shambulio.

Kungoja kuna gharama yake. Katika mashariki ya London, kundi la wagonjwa lilifuatiliwa kwa miaka mingi likiandika dalili zao kila siku kwenye shajara. Ilionekana kuwa mashambulio mengi hayakuripotiwa kwa daktari kabisa, na kuwa walioanza tiba mapema walipona haraka kuliko waliosubiri. Mgonjwa wa kwetu ana sababu nyingi za kusubiri: nauli, foleni, kuogopa kuwasumbua watoto. Ni sababu za kweli. Ila gari la usiku na kulazwa wiki nzima hugharimu zaidi ya nauli ya asubuhi.

Tahadhari moja: si kila pumzi inayokatika ni shambulio la ugonjwa huu. Nimonia huja na homa na maumivu ya kuchoma ubavuni. Moyo ulioshindwa kazi huvimbisha miguu na kumzuia mtu kulala chali. Damu iliyoganda mguuni inaweza kuhamia kwenye mapafu na kuleta kuhema kwa ghafla. Pafu linaweza kupasuka na hewa ikavujia kifuani. Kukohoa damu, jasho la usiku na kukonda ni sababu ya kupima tena kifua kikuu, hata kwa aliyekwisha kupona. Maumivu makali ya kifua au kuhema kulikoanza ghafla ni safari ya hospitali moja kwa moja.

Saa za kwanza nyumbani

Mkalishe mgonjwa. Kitandani chali si mahali pake. Aketi kwenye kiti, ainamie mbele kidogo, viwiko vikiwa juu ya meza au juu ya mapaja, mabega yalegee. Avute hewa kwa pua, aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza chai ya moto, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Fungua dirisha, zima jiko, ondoa udi na dawa ya mbu.

Kisha pampu ya salbutamo, ile ya kufungua njia za hewa kwa haraka. Mwongozo wa kimataifa wa GOLD unataja mpulizo mmoja au miwili kila saa kwa dozi mbili au tatu za mwanzo, halafu kila baada ya saa mbili hadi nne kulingana na anavyoendelea. Kiasi chako wewe kiandikwe na daktari wako. Moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka kidogo ni mambo ya kawaida ya dawa hii.

Pampu peke yake, kwa mtu anayetweta, huishia kinywani na kooni. Inahitaji chombo cha kuihifadhi dawa hewani kwa sekunde chache ili mgonjwa aivute, nacho kinaitwa spesa. Usipokipata dukani, chupa ya soda inatosha. Mwaka 1999 daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti juu ya watoto waliobanwa na pumu, wakaonyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Tangu hapo njia hiyo imeingia katika tiba za watu wazima pia. Chukua chupa safi ya mililita 500, toboa kitako chake tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, ingiza pampu ikaze, ziba pembeni kwa gundi au plasta. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta ndani. Mgonjwa anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa, unabonyeza mara moja, anapumua humo mara nne au tano, ndipo unabonyeza tena. Ukibonyeza mara mbili kwa pamoja dawa hugongana na kunata kwenye kuta za chupa.

Dawa ya pili ni steroidi ya kumeza, prednisoloni, inayotuliza uvimbe ndani ya vijia. Zamani ilitolewa kwa wiki mbili au zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Uswisi walilinganisha miligramu 40 za prednisoni kwa siku 5 na kwa siku 14 kwa wagonjwa 314, na siku 5 zikatosha. Habari hii ni muhimu, kwa sababu dawa hii inapandisha sukari na shinikizo la damu, na ikirudiwarudiwa inadhoofisha mifupa na kinga. Daktari anaweza kukuachia dozi moja ya siku 5 nyumbani pamoja na maelezo ya lini uianze. Isigeuzwe kuwa dawa ya kila siku, na mwenye kisukari apime sukari yake wakati wote anapoitumia.

Ya tatu ni antibiotiki, nayo ina masharti. Inafaa makohozi yanapogeuka usaha na pamoja na hilo pumzi au wingi wa makohozi umezidi, au hali ikiwa mbaya kiasi cha kulazwa. Siku 5 kwa kawaida zinatosha. Kununua amoksilini nusu dozi duka la dawa kila kikohozi kinapobadilika sauti kunawazoesha bakteria dawa, na siku utakayoihitaji kwa kweli itakuangusha. Epuka pia dawa za usingizi na dawa za kukohoa zenye kodini, maana zote hupunguza msukumo wa kupumua.

Wakati wa kuondoka

Usiongeze saa nyingine nyumbani ukiona lolote kati ya haya: hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo au kucha zimekuwa za bluu au kijivu, amechanganyikiwa, au anasinzia bila mpangilio, miguu imevimba ghafla, namba ya oksijeni imeshuka chini ya 88, au imeshuka sana chini ya kawaida yake, pampu inampa nafuu ya muda mfupi usiofika saa mbili. Kusinzia ndiko kunakowadanganya wengi. Familia iliyokesha husema, “Mwacheni, sasa amepumzika,” kumbe hewa ukaa imemjaa kwenye damu na inamzimisha.

Ukifika hospitali, sema mwanzoni kabisa kuwa mgonjwa ana COPD, kwa sababu oksijeni yake hutolewa kwa kipimo. Huko Tasmania, Australia, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 405 waliobebwa na magari ya wagonjwa. Baadhi walipewa oksijeni kwa wingi, kama ilivyokuwa desturi. Wengine walipewa kwa kiasi cha kuifikisha namba ya kidoleni kati ya 88 na 92 tu. Matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha kuwa katika kundi la oksijeni nyingi walikufa asilimia 9, na katika kundi la oksijeni ya kipimo asilimia 4. Oksijeni ikizidi kwa mgonjwa huyu huvuruga namna damu inavyogawanywa ndani ya mapafu na kuzuia hewa ukaa kutoka. Kwa hiyo ndugu mkimwona muuguzi anapunguza oksijeni namba ilipofika 92, msimfokee aongeze. Anamlinda mgonjwa wenu. Lakini oksijeni ikiwa chini mno nayo inaua, na hakuna mgonjwa wa kunyimwa kwa kuogopa. Kipimo ndicho kinachotakiwa.

Kama misuli imechoka na hewa ukaa inazidi, kuna mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa iliyobana usoni, bila kuingiza mpira kooni. Utafiti wa Laurent Brochard na wenzake uliofanyika katika hospitali za Ulaya na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa waliohitaji mpira kooni walipungua kutoka asilimia 74 hadi 26, na vifo kutoka asilimia 29 hadi 9. Tangu janga la Uviko-19 hospitali nyingi zaidi za Afrika Mashariki zimepata mitambo ya oksijeni na vifaa vya kupimia. Uliza mapema hospitali ipi ya karibu yako ina mashine hii, usije ukaulizia usiku wa dharura.

Wiki zinazofuata

Kuruhusiwa hospitali si kupona. Katika kundi lile la London, upepo wa kupuliza ulirudi kwenye hali ya awali ndani ya siku 35 kwa robo tatu tu ya mashambulio, na katika asilimia 7 haukuwa umerudi hata baada ya siku 91. Aliyeruhusiwa Ijumaa asipewe jembe Jumatatu. Vilevile asifungiwe chumbani, kwa maana misuli isiyotumika hulegea, na misuli iliyolegea huhitaji hewa nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Mazoezi ya mapafu yanayosimamiwa yamejaribiwa hospitali ya Mulago, Kampala, kwa watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya kifua kikuu: vikao vya wiki sita, na washiriki wakaweza kutembea mbali zaidi. Pasipo na kliniki ya namna hiyo, anza kwa kutembea kwenye njia tambarare kila siku, ukiongeza kidogo kidogo, mtu akiwa pembeni yako.

Wiki hizi ni za hatari kwa sababu nyingine. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010 na John Hurst na wenzake ulithibitisha kuwa kinachotabiri vizuri zaidi shambulio la mwaka ujao ni kuwa na mashambulio mwaka huu. Baada ya kila shambulio rudi kwa daktari ndani ya wiki chache, ukiwa na pampu mkononi, umwonyeshe unavyoitumia. Wengi hukosea bila kujua. Uliza kama unahitaji dawa ya kuvuta ya muda mrefu ya kila siku. Uliza chanjo ya nimonia na ya mafua kama zinapatikana. Acha sigara, na nyumba nzima iache kuvutia ndani.

Na jikoni kubadilike. Serikali ya Tanzania mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Mgonjwa hawezi kusubiri hadi mwaka huo. Gesi ikipatikana, iwe kwanza kwenye nyumba yenye mgonjwa. Isipopatikana, kuni ziwe kavu, jiko litoke nje chini ya paa la wazi, na mwingine ashike mwiko. Kumhurumia mama kwa maneno huku bado anapuliza moto kila alfajiri ni huruma isiyomfikia.

Karatasi moja

Yote haya yaandikwe kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani, mahali anapopaona hata mjukuu anayejua kusoma. Iwe na mambo matano. Kwanza, hali ya kawaida ya mgonjwa na dawa zake za kila siku. Pili, dalili za onyo, na kiasi cha pampu cha kuanza nacho. Tatu, lini aanze prednisoloni, lini antibiotiki, kwa siku ngapi. Nne, dalili za kuondoka mara moja, zikiandikwa kwa herufi kubwa. Tano, namba ya simu ya mwenye gari au bodaboda aliyekubali kuitwa usiku, jina la hospitali, na sentensi hii: “Ana COPD, oksijeni 88 hadi 92.” Daktari au muuguzi aipitie na kuirekebisha kabla haijabandikwa.

Karatasi hiyo itakuwa na nguvu pale tu dawa zilizotajwa humo zinapopatikana. Salbutamo na prednisoloni zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ni dawa za zamani ambazo hazihitaji jokofu wala mtaalamu bingwa. Hata hivyo wagonjwa wengi vijijini hufika zahanati wakakuta pampu hakuna, wakaelekezwa duka la mjini. Kamati za afya za vijiji na mitaa zina haki ya kuuliza jambo hili kwenye vikao vyao, na wagonjwa wana haki ya kuzisukuma ziulize. Mwenye mgonjwa nyumbani aanze na karatasi wiki hii. Kikao kijacho cha kijiji aende na swali moja: pampu iko wapi?